Asante, Ashe na Arigatō: Tendo la Kushukuru katika Lugha Tatu kwa Mfano wa Isinya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tendo la kushukuru katika Kiswahili, Kimaasai na Kijapani. Hoja yake kuu ni kwamba neno la shukrani katika lugha moja halina kisawe kamili katika lugha nyingine, kwa kuwa kila lugha huteua upande wake wa tukio la kutoa na kupokea. Kiswahili husifu kitendo cha mtoaji. Kijapani hutaja uadimu wa hisani na uzito wa deni. Kimaasai huweza kuigeuza zawadi yenyewe kuwa jina ambalo mtoaji na mpokeaji huitana. Mazingira ya Isinya, Kaunti ya Kajiado, yametumiwa kuonyesha kinachopotea pale mkalimani au mwalimu anapoyachukulia maneno haya kuwa sawa.

1.0 Utangulizi

Isinya ni mji ulioko kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kupitia Kitengela hadi Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Hii ni nchi ya Wamaasai wa Ilkaputiei. Hata hivyo, kuuzwa kwa ardhi, kukua kwa Kitengela na kuwapo kwa mashamba ya maua kumewaleta hapa wasemaji wa lugha nyingi: Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, Kijaluo, Kisomali na nyinginezo. Mfugaji, mchuuzi wa sokoni, mwalimu na mfanyakazi wa shamba la maua wanapokutana, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa sababu hiyo, mtu mmoja huweza kushukuriwa kwa namna tatu au nne kwa siku moja, na si kila namna huitambua kuwa ni shukrani.

Kuingizwa kwa Kijapani katika ulinganisho huu kunahitaji kuelezwa. Sababu ya kwanza ni ya kimbinu. Kiswahili na Kimaasai vinapolinganishwa peke yake katika Kajiado, mjadala huelekea haraka kwenye swali la nani ana adabu na nani hana. Lugha ya tatu isiyo na ugomvi na yeyote hapo huwezesha mambo kupimwa kwa utulivu. Sababu ya pili ni kwamba Kijapani hakiko mbali na Kenya kama inavyodhaniwa. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa serikali ya Japani. Kiswahili nacho hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Osaka, na shirika la utangazaji la NHK lina matangazo ya Kiswahili. Isitoshe, mawaridi ya Kenya huuzwa Japani, ambako maua ni zawadi ya kawaida ya kumshukuru mtu. Mikono inayochuma waridi na mikono inayolipokea haikutani, lakini biashara hiyo huziweka jamii hizi mbili katika mnyororo mmoja wa kutoa na kupokea.

2.0 Msingi wa Nadharia

Uchunguzi huu umeegemea nadharia ya vitendo-uneni iliyoasisiwa na J. L. Austin na kuendelezwa na John Searle. Kwa mujibu wa Searle (1969), ili kauli iwe shukrani ni lazima kuwe na tendo lililofanywa na msikilizaji hapo awali. Tendo hilo liwe limemfaa msemaji. Msemaji mwenyewe ahisi shukrani kwa ajili ya tendo hilo. Na kauli yake ihesabike kuwa inaonyesha hisia hiyo. Masharti haya ni manne, na ni muhimu kutambua kwamba hakuna hata moja linalotaja neno maalumu. Mtu anaweza kushukuru kwa kusifu, kwa kuomba radhi, kwa kubariki, kwa kuinamisha kichwa au kwa kunyamaza.

Penelope Brown na Stephen Levinson waliongeza jambo jingine katika utafiti wao kuhusu uungwana katika lugha (1987). Kwao, anayeshukuru hujishusha, kwa kuwa anakiri mbele ya watu kwamba anadaiwa. Ikiwa ndivyo, basi kila lugha hulazimika kuamua namna ya kulibeba deni hilo: ilitaje, ilifunike au iligeuze kuwa kitu kingine. Uamuzi huo ndio unaozitofautisha lugha tatu zinazojadiliwa hapa.

3.0 Kiswahili: Kumsifu Mtenda

Neno asante, ambalo pia huandikwa ahsante, limetokana na kauli ya Kiarabu ahsanta, yaani “umefanya vyema”. Katika Kiarabu hicho ni kitenzi cha wakati uliopita kinachomwelekea mwanamume mmoja. Mwanamke huambiwa ahsanti. Kiswahili kiliichukua kauli hiyo, kikaondoa tofauti ya jinsia isiyokuwamo katika sarufi yake, kisha kikaipa wingi wake chenyewe: asanteni. Kiambishi -ni hapa ndicho kile kinachopatikana katika njooni na someni. Neno la kigeni limetiwa katika kalibu ya Kibantu. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo neno hilo husikika kama aksanti.

Kwa asili yake, basi, asante haielezi hisia za msemaji. Hutoa hukumu juu ya tendo la mwenzake: umetenda wema. Mzizi wake wa Kiarabu ndio huo huo uliozaa neno hisani. Kadhalika, neno tafadhali lina undugu na fadhila: anayeomba humwalika mwenzake afanye fadhila. Ombi na shukrani, kwa hivyo, hutazama upande mmoja, yaani wema wa mtoaji. Hisia za mpokeaji hubebwa na neno jingine, shukuru, lenye asili ya Kiarabu pia, na ambalo huelekezwa kwa mwanadamu na kwa Mungu. Ndiyo maana anayeulizwa hali hujibu “nashukuru” hata kama anayemuuliza hajampa kitu.

Kukopwa kwa maneno haya kusifasiriwe kuwa Wabantu hawakujua kushukuru kabla ya kukutana na Waarabu. Kikuyu husema nĩ wega, yaani “ni vyema”, kauli inayokaribiana sana na maana ya ahsanta. Kiswahili chenyewe kina mbinu nyingi za kushukuru zisizotumia asante. Mwenyeji anayeletewa zawadi husema: “Mbona umejisumbua?” Anayempita mwenziwe shambani humwambia: “Pole na kazi.” Mzee huombea: “Mungu akuzidishie.” Mtoto hufunzwa kupokea kwa mikono miwili kabla hajafunzwa la kusema. Nayo methali ya fadhila za punda kuwa mateke hukumbusha kwamba jamii huipima shukrani kwa vitendo kuliko maneno.

Inafaa pia kutaja kwamba asante hutumiwa kukataa. Anayekaribishwa chakula akajibu, “Asante, nimeshiba,” hajapokea kitu, bali ameusifu ukarimu huku akiufunga mlango kwa upole. Mwanafunzi mgeni aliyekariri kwamba asante ni jibu la aliyepewa hutatanishwa na matumizi haya. Lakini maana ya asili ya neno huyaeleza: kitendo cha kukaribisha ni chema hata kama chakula hakikuliwa.

4.0 Kijapani: Uadimu na Deni

4.1 Arigatō

Arigatō hutokana na kivumishi cha kale arigatashi, kilichoundwa kwa sehemu mbili: ari, “kuwapo”, na katashi, “kuwa kugumu”. Maana yake ya kwanza ni “kitu ambacho ni vigumu kuwapo”, yaani kitu adimu. Mwandishi Sei Shōnagon, aliyeishi katika kasri la mfalme wa Japani yapata mwaka 1000, ana sehemu katika kitabu chake, Makura no Sōshi, inayoorodhesha vitu adimu kwa kutumia neno hilo. Miongoni mwavyo ni mkwe wa kiume anayesifiwa na baba mkwe wake. Baadaye maana ikahama kutoka kwenye uadimu wa kitu hadi kwenye thamani ya kupewa kitu hicho. Anayesema arigatō, kwa hivyo, hamwambii mwenzake kwamba ametenda vyema. Anakiri kwamba jambo lililotendeka si la kila siku.

Ipo dhana iliyoenea kwamba neno hili limetoka katika obrigado ya Kireno. Dhana hiyo haina msingi. Wareno walifika Japani mwaka 1543, zaidi ya miaka 500 baada ya Sei Shōnagon kuandika. Ni kweli kwamba Kireno kiliacha maneno katika Kijapani, kama vile pan kwa maana ya mkate, sawa na kilivyoacha meza na bendera katika Kiswahili. Lakini kufanana kwa sauti si ushahidi wa ukoo. Tahadhari hii itahitajika tena katika sehemu ya tano.

4.2 Sumimasen

Anayeachiwa kiti ndani ya gari la moshi mjini Tokyo huenda asiseme arigatō kabisa. Husema sumimasen, neno ambalo pia ni la kuomba radhi. Ni umbo la heshima la ukanushi wa kitenzi sumu, “kuisha” au “kumalizika”. Kwa tafsiri ya karibu ni “jambo hili halijaisha”: umesumbuka kwa ajili yangu na sijakulipa. Ruth Benedict alilishughulikia deni hili katika kitabu chake cha mwaka 1946 kuhusu utamaduni wa Wajapani. Kitabu hicho kimekosolewa, hasa kwa kuwa mwandishi hakuwahi kufika Japani, lakini kiliwafungua wengi macho kuhusu uhusiano wa shukrani na wajibu.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuliona jambo hili kuwa geni. “Mbona umejisumbua?” ni sumimasen ya Kiswahili: zote hutaja taabu ya mtoaji badala ya furaha ya mpokeaji. Hali kadhalika, “pole na kazi” hukaribiana na otsukaresama, salamu ambayo Wajapani hupeana baada ya kazi na ambayo imejengwa juu ya neno la kuchoka. Baada ya mlo, Wajapani husema gochisōsama. Maandishi ya neno hilo yana maana ya kukimbia huku na huko, yaani hekaheka za aliyeandaa chakula. Na anayeshukuriwa huweza kujibu dō itashimashite, ambayo kimsingi ni swali: “Nimefanya nini hata nishukuriwe?” Mswahili wa pwani hujibu kwa maneno mawili tu: “Si kitu.”

4.3 Shukrani ndani ya sarufi

Tofauti kubwa zaidi imo ndani ya kitenzi. Kijapani kina vitenzi vya kutoa na kupokea ambavyo huambatanishwa na vitenzi vingine ili kuonyesha nani kamfaa nani. Katte kureta ni “alininunulia, akanifaa”, ilhali katta peke yake ni “alinunua”. Anayesimulia wema wa rafiki yake bila kutumia kureta huweza kusikika kama mtu asiye na shukrani, ingawa hakuacha neno lolote la adabu. Aidha, wakati huzingatiwa: arigatō gozaimasu hutumiwa kwa tendo linaloendelea au linalotendeka sasa, na arigatō gozaimashita kwa lililokwisha. Tena ni ada kumshukuru mtu upya mnapokutana siku nyingine kwa jambo alilolifanya mara iliyopita.

Kiswahili kina kauli ya kutendea: nunua huwa nunulia, pika huwa pikia. “Alininunulia kitabu” humtaja aliyefaidika ndani ya kitenzi chenyewe. Hata hivyo, kauli hii haina upande. “Alinipikia chakula” ni wema, bali “alinivunjia kikombe” ni hasara. Kiambishi kinasema tu kwamba tendo lilimgusa msemaji; kama lilimfaa au lilimdhuru huamuliwa na kitenzi na muktadha. Kureta, kwa kawaida, hutaja fadhila. Mfasiri anayetoka Kijapani kwenda Kiswahili akiridhika na “alininunulia” atakuwa amefasiri tendo na kuiacha shukrani nyuma. Huenda akahitaji kusema “alinifadhili kwa kuninunulia”, au kuiweka shukrani hiyo katika sentensi nyingine.

Mkenya mmoja alionyesha namna ya kulishughulikia neno lisilo na kisawe. Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alizuru Japani mwaka 2005 na kukutana na neno mottainai, linaloeleza uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotezwa bure. Hakulitafutia neno moja la Kiingereza wala la Kiswahili. Alilichukua lilivyo, akalieleza kwa kuhusisha kupunguza matumizi, kutumia tena na kuchakata taka, pamoja na heshima na shukrani kwa maliasili, kisha akalitangaza duniani katika kampeni ya mazingira. Maelezo yake yalikuwa marefu kuliko neno lenyewe, na hapo ndipo palipokuwa na uaminifu wake kama mfasiri.

5.0 Kimaasai: Zawadi Kuwa Jina

Kimaasai kina neno la shukrani: ashe, na kwa msisitizo ashe oleng, yaani “asante sana”. Mgeni anayepita Isinya hulijifunza kwa siku moja. Lakini akidhani kwamba amemaliza, atakuwa amekosea, kwa kuwa shukrani nzito ya Kimaasai haikai katika neno hilo peke yake.

Kwanza, kuna majina ya zawadi. Watu wawili waliopeana mnyama huweza kuacha kuitana kwa majina yao ya kawaida na kuitana kwa jina la mnyama huyo, likitanguliwa na pa-. Waliopeana ng’ombe, enkiteng, huitana pakiteng. Waliopeana kondoo, enker, huitana paker. Waliopeana mbuzi, enkine, huitana pakine. Kwa ndama kuna paashe. Jina hili hutumiwa na pande zote mbili. Aliyetoa na aliyepokea wanakuwa kitu kimoja, na kila wanaposalimiana zawadi hutajwa tena. Mpokeaji hahitaji kurudia ashe kila siku, kwa sababu salamu yenyewe imekuwa kumbukumbu ya hisani. Hapa ndipo tahadhari ya sehemu ya nne inaporudi: ashe na paashe zinafanana machoni, lakini mfanano huo peke yake hautoshi kumfanya mwanaisimu adai kwamba neno la shukrani limetoka kwa ndama, hasa katika lugha ambayo toni hutofautisha maana.

Pili, kuna baraka. Mzee aliyetendewa jambo kubwa huweza kujibu kwa dua ndefu: Enkai awape watoto, awape mvua, awape ng’ombe, njia zao ziwe salama. Baada ya kila ombi waliopo huitikia kwa pamoja: “Nai.” Tatu, kuna mwili. Mtoto huinamisha kichwa mbele ya mzee ili aguswe utosini, na mguso huo ni salamu, heshima na baraka kwa wakati mmoja. Mjapani anayeinama mbele ya aliyemtendea wema angelielewa tendo hilo kabla hajafasiriwa.

Lugha hizi tatu zinalitendea deni la shukrani kwa namna tofauti. Kiswahili hulifunika kwa sifa. Kijapani hulitaja wazi na kukiri kwamba halijaisha. Kimaasai hulihifadhi ndani ya jina ili lisiishe, kwa sababu deni likiisha, uhusiano nao utakuwa umeisha.

6.0 Isinya: Kinachopotea katika Ukalimani

Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi katika Kajiado, na familia nyingi zililazimika kutegemea chakula cha msaada. Na ichukuliwe hali ya kufikirika, lakini isiyo mbali na uhalisia. Mgeni amekabidhi magunia ya unga katika boma moja nje ya Isinya. Mzee anasimama, anaongea kwa dakika kadhaa. Wanaume na wanawake wanaitikia “Nai” tena na tena. Mgeni anamgeukia mkalimani kijana aliyesoma Kiswahili vizuri. Mkalimani anasema: “Anasema asante.”

Hakusema uongo. Masharti yote manne ya Searle yametimia. Lakini kilichofika kwa mgeni ni sifa fupi, ilhali kilichotoka kwa mzee kilikuwa dua ya jamii nzima iliyomwingiza mgeni katika hesabu ya watu wanaoombewa mvua. Mgeni ataondoka akiamini kwamba watu hawa hawana maneno mengi ya shukrani. Pengine atayaandika hayo katika ripoti yake. Mzee naye atashangaa kwa nini mgeni aliyebarikiwa kiasi hicho hakuitikia hata mara moja. Kila upande utakuwa umeonekana hauna adabu, na hakuna aliyekosa adabu.

Tatizo hili huanzia darasani. Katika mafunzo ya shule za msingi nchini Kenya, asante hufunzwa pamoja na tafadhali, samahani, pole na karibu kama maneno ya adabu. Orodha hiyo ni nzuri na haifai kuachwa. Kasoro huingia pale adabu inapohesabiwa kuwa ni orodha tu. Mtoto wa Kimaasai anayepewa kitabu, akainamisha kichwa na kungoja kuguswa, huweza kukemewa: “Hujui kusema asante?” Ilhali ameshukuru kwa namna nzito zaidi anayoijua. Mwalimu mwenye maarifa angemgusa kichwa kwanza, kisha akamfunza kwamba katika Kiswahili tendo hilo huambatana na neno. Hapo mtoto angepata lugha ya pili bila kuvuliwa ya kwanza.

Kwa wakalimani na wafasiri, mapendekezo matatu yanajitokeza. Kwanza, kifasiriwe kitendo pamoja na umbo lake: “Mzee anawabariki, anawaombea watoto, mvua na mifugo, na wote wanaitikia.” Pili, palipo na jina la zawadi kama pakiteng, jina libaki na lielezwe, kama Maathai alivyofanya kwa mottainai. Kulifasiri kuwa “rafiki” ni kumnyang’anya mtu ng’ombe wake kwa mara ya pili. Tatu, Kiswahili kitumie hazina yake yote. Anayefasiri sumimasen ana “umejisumbua” mkononi. Anayefasiri baraka ana “Mungu akuzidishie”. Anayefasiri otsukaresama ana “pole na kazi”. Umaskini unaoonekana katika tafsiri nyingi si umaskini wa Kiswahili, bali ni haraka ya mfasiri.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba asante, ashe na arigatō hukutana katika kazi yake lakini hutofautiana katika kile zinachokitaja. Imebainika pia kwamba lugha moja huwa na njia kadhaa za kushukuru, na kwamba nyingi kati ya hizo hazimo katika orodha za maneno ya adabu. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, somo hili lina uzito wa pekee. Kiswahili ni lugha ya pili kwa wasemaji wake wengi, na wengi wao huingia ndani yake wakiwa wamebeba shukrani za nyumbani kwao. Uwanja huu unahitaji utafiti zaidi wa nyanjani, hasa kuhusu vijana wa Isinya na Kitengela wanaokua na Kimaasai, Kiswahili na Sheng kwa pamoja: je, bado wanaitana pakiteng na pakine? Na pale wasipokuwa na ng’ombe wala mbuzi wa kupeana, hisani wanayotendeana wanaipa jina gani?